Halwa za Tingatinga

Vijana wa chumba cha matibabu klabuni wameniomba niandike namna kazi yetu ilivyokuwa, kabla sijasahau. Niliwauliza ni nani aliyewaambia kwamba nitasahau, wakatazamana. Basi naandika, ili wao wapate kujua na mimi nipate kuwabaini wasiosoma. Vyeo nitaviruka kwa sababu havikuwa vingi, na mshahara nitauacha kwa sababu msemaji wake ni mke wangu.

Nilikuwa mtu wa viungo. Asubuhi nilifanya kazi hospitali, katika chumba cha mazoezi, nikiwafundisha kutembea watu waliovunjika miguu. Jioni nilikwenda klabuni, Wadi Kabir hapa Maskati, kuwahudumia watu waliokuwa mbioni kuivunja. Wachezaji waliniita Dokta. Mimi si daktari, na niliwaambia hivyo msimu mzima wa kwanza, lakini mchezaji aliyeumia hapendi kuguswa na mtu asiyekuwa daktari, kwa hiyo nikaacha kubishana nao.

Siku ya kwanza, mwanzoni mwa miaka ya tisini, nilikabidhiwa ndoo, sifongo, kisanduku cha bendeji na chupa ya dawa baridi ya kupuliza. Uwanja wetu wa mazoezi ulikuwa nyuma ya gereji. Ardhi yake ilikuwa ngumu, na mpira ukiruka ukuta ulirudishwa umepakwa grisi. Kiungo wetu akaanguka akashika goti. Nikatoka mbio kwa bidii ya mtu mgeni, maji ya ndoo yakamwagika mbele yangu, nikateleza nikaanguka chini kabla sijamfikia. Yule kiungo akainuka, akaja akanishika mkono, akaniuliza kama nimeumia. Nilimwambia sijambo. Alichechemea wiki nzima kuliko mimi, lakini hadithi iliyobaki klabuni ni ile ya mgonjwa aliyemtibu tabibu.

Ile dawa ya kupuliza niwaambieni ukweli wake. Inatia ganzi ngozi kwa muda mfupi, basi. Lakini wachezaji waliiamini kuliko sindano. Kipa wetu mmoja aliniomba nimpulizie jino. Mwengine alitaka nimpulizie moyo, kwa sababu mchumba wake kaposwa na mtu wa Sohar.

Aliyenifundisha kazi ni Bwana Masoud, muuguzi mstaafu aliyezaliwa Unguja kama mimi, na ndiye aliyeibeba ndoo ile kabla yangu. Alikuwa hasemi sana, na alichokisema alikirudia mpaka ukichoke, na ukishakichoka ndipo unakuwa umekijua. Mchezaji akipiga kelele, alisema, nenda kwa mwendo wako, kwa sababu ana pumzi ya kupigia kelele. Akinyamaza, kimbia. Aliyegongwa kichwa usimuulize kama yuko sawa. "Wachezaji wote wako sawa," alisema, "mpaka wanapozikwa." Muulize tunacheza na nani, na kipindi hiki ni cha ngapi. Akikosa, mtoe nje, hata akikutukania ukoo. Njia hiyo ilikuwa na kasoro moja tu. Winga wetu wa kushoto hakuwahi kujua tunacheza na nani hata akiwa mzima wa afya. Nilimtoa mara mbili kwa kosa hilo, na mara zote mbili timu ikacheza vizuri zaidi.

Na kwa mchezaji anayetaka kurudi baada ya kuumia kichwa, Bwana Masoud alikuwa na mtihani wake, ambao madaktari nao wana wa namna hiyo. Unamtajia maneno matatu yasiyohusiana, unazungumza naye mambo mengine, kahawa inanyweka, halafu unamwambia akurudishie yale maneno. Maneno ya Bwana Masoud yalikuwa limau, msumari, kanzu. Aliponiachia ndoo aliniachia na maneno hayo, nami niliyatumia kila msimu. Wachezaji wakawa wanaitana hivyo kwenye basi. Yupo mmoja aliyempa paka wake jina la Msumari.

Sasa nije kwa Khalfan, beki wetu wa kati, ambaye washabiki walimwita Tingatinga. Asubuhi aliuza magari katika duka moja la Wattaya, na dukani hakukuwa na mtu mpole kumshinda. Alimfungulia mteja mlango wa gari taratibu, akamwekea na kiti sawa. Kwao walikuwa Waarabu wa Tabora, wamerudi Oman yeye akiwa kijana, na alikuwa na ile adabu ya kibara ya kusalimia mpaka mtu unasahau ulichofuata. Uwanjani mambo yakabadilika. Hakuwa na roho mbaya hata kidogo. Yeye aliufuata mpira, na kama kati yake na mpira palikuwa na mguu wa mtu, aliuhesabu mguu ule kuwa sehemu ya mpira.

Kila alipomuumiza mtu, Ijumaa baada ya alasiri tulikwenda kumtizama. Msafara ulikuwa wa watu watatu. Khalfan alibeba sinia la halwa. Sheikh Hamed, mzee wa klabu yetu, alitangulia na kilemba chake kizuri. Mimi nilikwenda kueleza kwa lugha nyepesi kwamba mfupa utaunga na kwamba Khalfan hakukusudia. Tulikaribishwa, tukala halwa yetu wenyewe, kahawa ikamiminwa, na Sheikh Hamed akakiweka kikombe chake chini bila ya kunywa. Desturi hiyo mnaijua. Mgeni akiweka kahawa chini ana haja, na mwenye nyumba haimpendezi kumwacha aondoke na haja yake. Basi mwenye nyumba husema, "Kunywa kahawa yako, haja imekwisha." Hapo tena sulhu imefungwa. Wiki ile ile wazee wa klabu mbili hufika pamoja mbele ya kamati ya ligi, waseme watu wamesameheana, na kamati, ambayo nayo ni ya wanywaji kahawa, ikaifuta adhabu ya mechi. Khalfan alipata kadi nyingi maishani mwake lakini jukwaani hakujua hata viti vina rangi gani. Muuza halwa wetu alikuwa anauliza ratiba ya mechi ili ajue apike kiasi gani.

Mwishoni mwa miaka ya tisini dunia ikaanza kukaza. Marefa wakaambiwa anayemfyeka mtu kwa nyuma atolewe kwa kadi nyekundu, hakuna onyo. Klabuni kwetu ukazuka ubishi ambao haukwisha kwa miaka.

"Yakhe, hii kandanda au karamu ya harusi?" Sheikh Hamed alisema. "Sisi Unguja tumecheza miguu mitupu. Mtu akivunjika anafungwa vibao, mwezi wa pili yuko uwanjani."

"Na wale ambao hawakurudi, Sheikh?"

"Nani hao?"

"Ndio hao usiowakumbuka."

Akaniambia mimi ni mtu wa kuharibu kahawa za watu. Lakini msimdhani kuwa alikuwa mjinga. Hoja yake ilikuwa hii, na mpaka leo sijaweza kuivunja yote: nchi ni ndogo, watu wameoana, adhabu ya kamati inamalizika lakini chuki inabaki nyumbani. Halwa, alisema, inawaacha watu wamekula sahani moja. Mimi nilimjibu kwamba mguu hauli halwa. Tukawa tunaambiana hivyo msimu baada ya msimu, naye ananimiminia kikombe chengine.

Kisha akaja Mundhir. Alikuwa mshambuliaji wa klabu nyengine ya hapa hapa Maskati, mwanafunzi wa chuo kikuu, akikaa na mama yake huko Al Khoudh, nje ya mji. Mwembamba, mwepesi, na anapokupita anakuomba radhi. Msimu mmoja Khalfan alimvunja kifundo cha mguu. Tukaenda, halwa ikaliwa, mama akasamehe, Khalfan akacheza mechi iliyofuata. Msimu wa pili yake, miaka ya elfu mbili imeshaingia, wakakutana tena. Mpira ulikuwa juu, wameruka wote wawili, Khalfan kanyanyua mkono kujipa nafasi, na kiwiko chake kikampiga Mundhir chini ya sikio. Nilisikia mlio wake kutoka kwenye benchi. Mundhir alianguka akanyamaza.

Nilikimbia. Hakuwa mchezaji wangu, lakini sikungoja mtu aniruhusu. Nilimshika kichwa na shingo visitikisike, nikamwita jina. Alifumbua macho, akanitazama bila ya kunijua, akauliza kama keshafanya mtihani wake wa hesabu. Khalfan alikuwa amesimama juu yetu, mikono kichwani, kadi nyekundu keshaonyeshwa na hana habari nayo. Siku ile niliogopa, na hofu ile sikuitoa mwilini mpaka alipofika hospitali akaanza kuzungumza.

Madaktari walimlaza, wakampiga picha, wakasema ubongo umetikisika, hauvuji damu. Apumzike chumba cha kiza, asisome, asicheze mpaka dalili zote ziondoke. Ijumaa tukafunga safari ya Al Khoudh na sinia letu. Mama yake, Bi Zuwena, alikuwa mjane, mwalimu wa skuli, mtu wa Unguja, na alikaa na sisi barazani kwa sababu nyumba ni yake. Kahawa ikaja. Sheikh Hamed akaweka kikombe chini.

"Itapoa, Sheikh," alisema Bi Zuwena.

"Nna haja, Bi Zuwena."

"Nnaijua. Safari ile ulikiweka hapo hapo."

Sheikh Hamed akarekebisha kilemba. "Huyu kijana hakukusudia, wallahi. Twaomba msamaha wako na wa Mundhir, na wazee wa klabu yenu wafuatane na sisi kwenye kamati."

"Nimesamehe. Toka moyoni, na Mungu ananiona. Mundhir naye kasamehe, maana hata hakumbuki alichofanyiwa." Akamgeukia Khalfan, ambaye alikuwa anatazama zulia. "Lakini safari ile nilisamehe, na wewe ukacheza wiki ile ile, mwanangu anapanda ngazi kwa makalio. Mara hii utakaa nje, baba. Mundhir akirudi uwanjani, na wewe urudi. Siku moja kabla sitaki."

"Sawa, Mama," alisema Khalfan.

"Na nani atasema kwamba keshapona?" Sheikh Hamed aliuliza, akikitazama kikombe. Haja yake ilikuwa imetimizwa na haikutimizwa, na hilo katika desturi zake zote halikuwemo.

Bi Zuwena akanielekezea kidole mimi. "Huyu. Si dokta wenu?"

"Mimi si daktari, Bi Zuwena."

"Basi utakuwa na woga, na woga ndio ninaoutaka. Hospitali watasema lao, na wewe utakuja kumpima. Mkikubaliana nyote wawili, acheze."

Khabari ikaenea mjini, na kila aliyeisikia aliipenda. Aliyeumiza akae nje kwa kadiri aliyeumizwa atakavyokaa nje. Wazee wa klabu zote mbili wakaridhia, na kamati ikafurahi kupita kiasi kwa sababu haikuwa na la kuamua. Hata mimi niliona kwamba sheria nzuri kuliko hii haijapata kutungwa, na nilikwenda nayo nyumbani nikimsomea mke wangu kama nimeitunga mimi.

Ilituchukua siku chache kuiona kasoro yake. Klabu zetu mbili ziliingia fainali ya kombe. Klabu ya Mundhir walimtaka mfungaji wao. Klabu yetu walimtaka beki wao, na beki wao hawezi kucheza mpaka Mundhir apone. Kwa ufupi, mji mzima sasa ulikuwa unamwombea Mundhir apone kwa tarehe. Sijapata kualikwa chakula cha mchana kama nilivyoalikwa wiki zile. Watu wa klabu ile waliniletea samaki. Sheikh Hamed alinipigia simu kuniuliza hali ya mama yangu, ambaye alikuwa na afya nzuri, kisha akakumbuka kwa bahati kuuliza hali ya Mundhir.

Aliyekuwa na haja zaidi ya wote ni Khalfan. Alikuwa amepita miaka thelathini, hajapata kushika kombe lolote mkononi, na magoti yake niliyajua kuliko alivyoyajua yeye. Siku moja alinichukua kwa gari kwenda Al Khoudh, akaniambia bila ya kunitazama, "Dokta, nikiikosa hii, basi tena. Mwakani siwezi. Wanangu wananiona natolewa nje kila mwaka, hawajaniona hata siku moja nimebeba kitu."

Kila jioni akitoka dukani Wattaya alipita njia ile ndefu mpaka Al Khoudh. Alimpelekea Mundhir supu, zabibu na maziwa ya laban. Alikaa naye kwenye chumba cha kiza, kwa sababu mwangaza ulimuuma mgonjwa macho, akimsimulia magari yaliyoingia na wateja waliotaka kuyajaribu tu bila ya nia ya kununua. Bi Zuwena aliniambia kwamba mwanawe anamngoja Khalfan kuliko anavyowangoja wenzake wa chuo. Maumivu ya kichwa yakapungua. Mwangaza akaanza kuustahamili. Daktari wa hospitali akasema anaridhika, ila tumwangalie kumbukumbu.

Siku chache kabla ya fainali, baada ya alasiri, tukakutana barazani kwa Bi Zuwena nifanye kipimo changu. Sheikh Hamed alikuja bila ya kualikwa, na alikuja mapema. Khalfan alikaa karibu na mlango. Mundhir alitoka amevaa traksuti, uso umerudi rangi yake. Nilimsimamisha kwa mguu mmoja, akasimama. Nilimwambia afuate kidole changu kwa macho, akakifuata. Nikamtajia maneno yangu: limau, msumari, kanzu. Tukazungumza mambo ya chuo, kahawa ikazunguka. Nikamwambia anirudishie.

"Limau, msumari, kanzu," alisema, bila ya kufikiri.

Nilijaribu kutafuta sababu ya kukataa na sikuiona. Nikasema, "Mimi naona yuko sawa."

Sheikh Hamed alihimidi kwa sauti. Mundhir aliruka akampa mkono Khalfan. Bi Zuwena akafuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha akamwendea Khalfan pale mlangoni alipokaa.

"Ahsante, baba," alimwambia. "Nilikukasirikia, sikufichi. Lakini umemuuguza mwanangu kama nduguye wa tumbo moja. Mungu akulipe."

Nilimwona Khalfan amebana taya, na nikadhani ni furaha.

"Mama, usinishukuru," alisema. "Hajapona. Maneno ya Dokta sisi wote klabuni tunayajua. Nimemfundisha mimi. Tumefanya mazoezi kila jioni, mpaka yakakaa."

Mundhir aliangalia chini na masikio yakamwiva. Sheikh Hamed alimtazama Khalfan kwa namna ambayo sijamwona akimtazama mtu tena.

Nikamwambia Mundhir akae. Nikamtajia maneno mengine yaliyonijia: chumvi, ufunguo, jogoo. Nikamwomba ayarudie papo hapo, akayarudia vizuri. Tukangoja. Bi Zuwena akamimina kahawa mwenyewe. Kahawa ikanyweka.

"Haya, nambie yale maneno."

Mundhir alitabasamu, kwa sababu alikuwa anayajua.

"Limau," alisema. "Msumari. Kanzu."

Bi Zuwena alikaa chini. Sheikh Hamed ndiye aliyesimama kwanza, akasema fainali itachezwa bila ya vijana hawa wawili, akaingia garini. Nikapanda naye. Tulipofika mjini aliniambia, "Umeniharibia fainali, Nassor."

"Si mimi, Sheikh. Ni Khalfan."

"Khalfan ni mchezaji wangu, siwezi kumkasirikia. Nakukasirikia wewe."

Akanikasirikia mpaka Ramadhani, kisha akanialika futari.

Nisije nikawahuzunisha bure, Mundhir alipona. Ilichukua miezi mingi, na mwaka mmoja wa masomo ukampotea, lakini alipona, akamaliza chuo, na leo ana watoto wanaomsahaulisha zaidi kuliko kiwiko kile. Mpira aliuacha. Kamati nayo ilibadilisha utaratibu. Anayegongwa kichwa anapimwa na daktari asiye wa klabu yoyote, na adhabu ya aliyeumiza ina kadiri yake, haifutwi na sulhu wala haifungwi na siku za mgonjwa. Aliyesimama kuitetea kanuni hiyo kwa sauti kubwa alikuwa Sheikh Hamed. Alisema halwa iendelee na adhabu iendelee, kila kimoja mahala pake. Aliisema kama ni fikra yake mwenyewe tangu Unguja, nasi tukamwachia. Nanyi vijana, maneno yenu matatu yabadilisheni kila wiki, na msiwatajie wachezaji kwenye basi. Nimesikia mwaka huu mnatumia ndizi, kioo, farasi tangu msimu uanze. Hata mimi nayajua, na mimi nimestaafu.

Lakini ninayoikumbuka zaidi ni siku yenyewe ya fainali. Tulifungwa moja bila, na bao lilipita pale pale ambapo Khalfan angesimama. Mundhir alikuwa amemwomba mama yake mpaka akakubali kumleta uwanjani, kwa sharti la kipindi cha kwanza tu. Alikaa jukwaani nyuma ya benchi letu, kavaa miwani ya jua na kofia, Bi Zuwena upande mmoja na Khalfan upande wa pili. Khalfan alikuwa na nguo za nyumbani. Wanawe walikuwa mstari wa mbele yake, wanapigia kelele timu ambayo baba yao hayumo.

Mapumziko nilipanda kuwapelekea maji. Joto lilikuwa kali na ngoma za washabiki hazikunyamaza, na nilimwona Mundhir amechoka, anasugua kipaji cha uso. Alipopokea chupa aliniitikia vizuri, kisha akamgeukia Khalfan, akamtazama zile nguo.

"Mbona leo huchezi?"

Bi Zuwena alitaka kusema kitu. Khalfan akamgusa mkono kidogo, akamzuia.

"Nimefungiwa," Khalfan alisema.

Mundhir akacheka. "Umemvunja nani tena?"

"Kuna mtu mmoja."

"Keshapona?"

"Bado."

"Sasa wewe umekaa hapa unafanya nini?" Mundhir alimwambia, kwa upole ule ule aliokuwa nao anapomwomba mtu radhi. "Nenda kamtizame, bwana. Mgonjwa hapendi kuachwa peke yake."

Khalfan alimfungulia ile chupa ya maji, akamtia mkononi.

"Ndiyo nimekuja," alisema.